Swali la Tisa kwenye Fomu ya Bima

Shangazi yangu hakuwahi kulipenda neno bima. Alisema linamkumbusha watu wa magari, wale wanaosimamishwa barabarani na kuanza kunyooshea kidole stika ya kwenye kioo. Duka la nguo litagongana na nini? Mimi ndiye niliyemshawishi akate bima, mimi ndiye niliyejaza fomu, na nilichokiandika kwenye ile fomu nilikaa nacho miaka sita bila kumwambia.

Alikuwa dada wa baba yangu, mtu wa Butiama, mrefu, asiyependa kelele. Mama yangu alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Shangazi alikuja msibani na mkoba mmoja, na matanga yalipoisha akaondoka na mimi. Yeye hakujaliwa mtoto. Aliwahi kuolewa, ndoa ikaisha, akatoka na cherehani yake tu, akaja kushona Musoma kwenye kibaraza cha duka la mtu, kule Nyasho.

Kazi ya kukodisha nguo ilimjia yenyewe. Bibi harusi mmoja alishindwa kumalizia pesa ya gauni, na harusi ilikuwa keshokutwa yake. Wakakubaliana alivae siku ile kisha alirudishe. Wiki iliyofuata binti mwingine aliyeliona kanisani akaja kuliulizia. Nilipomaliza sekondari, shangazi alikuwa na chumba chake chenye kioo mbele. Ndani kulikuwa na magauni ya harusi, suti za wanaume, nguo za wapambe, majoho madogo ya watoto wa chekechea kwa ajili ya mahafali, na upande wa nyuma mavazi ya vikundi vya ngoma: sketi za ngozi na shanga, njuga za miguuni, vilemba. Watu walitoka Bunda, Suguti, Mugango, hata Butiama kwao. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Tulifua magauni kwenye mabeseni makubwa, tukiyasugua pindo la chini lililoburuta vumbi la viwanja vyote vya mkoa, kisha tukayaanika nyuma ya nyumba, na upepo wa ziwa ukiyajaza yalisimama kama yana watu ndani.

Nilirudi kutoka chuo na cheti cha biashara, nikajiona nimekuja kuliokoa duka. Nilizipa nguo zote namba. Niliandika mkataba wa kukodi, wenye kipengele kinachosema aliyekodi akiharibu au kupoteza, atalipa. Shangazi alikuwa akiniangalia tu na kuniacha. Alisoma Kiswahili polepole, kwa kidole, na Kiingereza hakukijua kabisa. Wateja akiwaonyesha ule mkataba aliwaambia, "Huyu ni mwanangu, ndiye msomi wetu."

Wakala wa bima alikuwa kijana wa kanisani kwetu, mwimbaji wa besi kwenye kwaya. Alikuja siku moja na mkoba wake, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaeleza kwa utaratibu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa nikilipa, na mwaka ukaisha moto haujawaka, ile hela inarudiga?"

"Hairudi, mama."

"Basi nitakuwa nimelipia usingizi."

Kijana akacheka. "Ndiyo, mama. Usingizi ndio tunaouza."

Jibu lile lilimfurahisha. Alikubali hapo hapo, kijana akaacha fomu nijaze.

Niliijaza Jumamosi, duka limejaa, bibi harusi wawili wanagombania kioo. Maswali manane ya kwanza yalikuwa mepesi: jina la biashara, ukuta wa nini, paa la nini. La tisa liliuliza kama kuna mali inayotoka nje ya duka kwa kukodishwa, kuazimwa au kusafirishwa. Aliyejibu ndiyo alitakiwa kuambatisha orodha ya kila kitu, thamani yake, na risiti kama zipo. Nguo zetu zilipita mia. Nyingi alizishona mwenyewe, hazikuwa na risiti. Ingebidi nikae naye jioni kadhaa, anitajie moja moja, hili nilishona lini, kitambaa nilikitoa wapi. Nilichoka kabla sijaanza. Nikatia alama kwenye hapana, nikajiambia mwakani tukihuisha bima nitarekebisha.

Wakala alipokuja kuichukua aliipitia amesimama. Akafika namba tisa, akaniangalia.

"Dada, hapa umeweka hapana. Nguo si mnakodisha?"

"Zinavaliwa hapa hapa mjini na zinarudi. Andika duka la rejareja."

"Una uhakika? Naweza kukaa tukaandika orodha wote. Leo sina haraka."

Leo nikikumbuka sentensi ile natamani kujizaba kofi. Wakati ule niliona anataka kunifundisha kazi dukani kwetu. Nilimwambia nina uhakika. Nikamwita shangazi, aliyekuwa nyuma ya nyumba akifua; akaja akifuta mikono, akauliza asaini wapi, akasaini pale nilipoweka kidole.

Mwaka uliofuata tulihuisha. Sikurekebisha. Na mwaka wa pili yake hivyo hivyo.

Harusi ya Bunda ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Bibi harusi alikuwa muuguzi, binti wa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wake, mtu wa kuheshimika. Walitaka magauni mawili ya bibi harusi, la kanisani na la ukumbini, wapambe wanane, suti, nguo za mama wa pande zote mbili, watoto wa maua, na mavazi kamili ya kikundi cha ngoma kilichoalikwa kutumbuiza. Tulipanga mizigo siku nzima ya Jumatano. Gauni la kanisani lilikuwa lile ambalo shangazi alilishona miezi minane, shanga moja moja kwa mkono. Kila likitoka aliniambia maneno yale yale: "Hili ni la kwako ukiolewa. Kwa sasa acha lifanye kazi." Alhamisi tulilipeleka Bunda pamoja na mengine yote, tukawajaribisha watu wote nguo zao, tukarudi Musoma tumechoka na tumefurahi.

Ijumaa wapambe walikuwa wakipiga pasi nguo kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya bibi harusi. Umeme ukakatika. Wakasubiri, wakachoka kusubiri, wakaacha pasi mezani juu ya kitambaa na kwenda kanisani kwenye mazoezi. Hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Umeme ulirudi nyumba haina mtu, isipokuwa bibi kizee wa familia ile aliyekuwa uani akichambua mchele. Alipoona moshi alidhani ni wa jikoni.

Tulipigiwa simu saa tisa alasiri. Tulipofika Bunda moto ulikuwa umezimwa kwa ndoo na mchanga. Vyumba viwili vilikuwa wazi juu, mabati yamejikunja. Hakuna aliyeumia, na hilo tulishukuru kwanza, kama ilivyo ada. Kisha tukaingia. Sikujua kwamba shanga huyeyuka. Zilikuwa zimeshikana na nyaya za hanga, madonge meusi yenye kung'aa. Njuga ndizo pekee zilizobaki na umbo lake. Shangazi aliinama akaokota moja, akaipuliza majivu, akaiweka chini tena taratibu.

Bibi harusi alikuwa ameketi juu ya tofali nje, amejifunga kanga, miguu imejaa masizi. Hakulia. Alimwambia shangazi, "Mama, mimi ndiye niliyewaita waje mazoezini. Niliwaambia waharakishe."

Shangazi akamshika kichwa, akamwambia, "Nyamaza, mama. Usiliseme tena hilo."

Baba yake akaja, akavua kofia. Nyumba yake ilikuwa bado inatoa moshi nyuma yake. "Mama," akasema, "nguo zako nitazilipa. Nipe muda tu. Ng'ombe ninao."

Mkataba ulikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimeutoa dukani kwa sababu nilifundishwa hivyo, na mkono wangu ulikuwa umeshaugusa. Shangazi akasema, "Ng'ombe wako waache, mzee. Wewe jenga nyumba, uoze binti. Mimi nina bima." Kisha akaweka mkono wake begani kwangu mbele ya watu wote. "Mwanangu huyu ndiye aliyenikatia. Nguo zangu zitalipwa na watu wa bima."

Watu wakanitazama kwa heshima. Mzee wa watu akanipa mkono, akanishukuru. Na mimi nikaupokea.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumvuta pembeni wakati ule ule. Kulikuwa na nafasi. Kulikuwa na mti wa mlonge pale kando, tungeweza kusimama chini yake dakika mbili, nikamwambia shangazi, usiseme hivyo, subiri. Angeaibika kidogo, angerudi kwa mzee, wangeelewana kama watu wazima. Badala yake nilinyamaza, na neno lake likawa limeshatoka.

Yeye hakurudi Musoma siku ile. Aliuliza nani ana cherehani pale mtaani, akatuma watu sokoni wakamletee lesi, na walipomwambia lesi iliyopo ni ya mapazia tu, akasema, "Leteni hiyo hiyo." Mimi alinituma nirudi nikatoe taarifa kwa wakala. Kwa hiyo harusi sikuiona. Nilisikia baadaye kwamba alishona bila kulala, gauni jepesi lisilo na shanga hata moja, na kwamba bibi harusi alipoingia kanisani wanawake waliokuwa wamezima moto siku moja kabla walisimama wote. Shangazi mwenyewe aliponisimulia alisema tu, "Pindo halikukaa sawa upande wa kushoto."

Wakala alinikuta nimesimama mlangoni pa ofisi yake. Alishasikia. Alifungua faili letu, akalifunga bila kusoma.

"Dada, madai nitayapeleka ofisini kwetu Mwanza. Ni kazi yangu kuyapeleka. Lakini unajua."

"Najua."

"Mama umemwambia?"

"Nitamwambia."

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa, kwa Kiingereza. Shangazi alivaa miwani yake ingawa hakuwa na cha kusoma, akaketi mbele yangu, mikono magotini. Barua ilikuwa fupi. Ilisema madai hayawezi kulipwa kwa kuwa mali iliyoungua haikuwa dukani, na kwamba kwenye swali la tisa mwombaji alijibu hapana. Niliisoma yote kwa sauti, Kiingereza chote. Kisha nikamtafsiria nusu.

"Wanasema bima yetu haihusu vitu vilivyokuwa nje ya duka."

Alifikiri. "Lakini nguo zetu zinaishiga nje. Ndiyo kazi yake. Yule kijana hakulijua hilo?"

Niliitazama barua.

"Hakutuambia," akasema mwenyewe, polepole, kama anayesoma kwa kidole. "Alikaa kwenye kiti changu, akala hela yangu, hakutuambia."

Nikaikunja barua nikairudisha kwenye bahasha.

Ndugu walimwambia arudi Bunda kwa yule mzee, ng'ombe bado anao. Alikataa. Alisema alishamwambia asilipe, na mtu anajenga. Wateja wa miezi iliyofuata walikuwa wametanguliza pesa kwa nguo ambazo hazikuwepo tena, wote wakarudishiwa. Cherehani zikauzwa, kwanza mbili, halafu ile aliyotoka nayo kwa mumewe. Tukaendelea mwaka na kidogo na magauni yaliyobaki, yale ya zamani ambayo hakuna aliyeyataka. Halafu tukafunga.

Lililoniumiza zaidi, nilipokuwa na muda wa kuumia, ni yule kijana. Shangazi aliacha kumsalimia kanisani. Hakuwa mtu wa kusengenya, lakini wanawake wa kikundi chake walipomuuliza kulikoni alisema ukweli, maana yeye aliuamini kuwa ndio ukweli: kijana aliwauzia bima isiyowafaa na hakuwaambia. Ukiwa Nyasho neno halikai siku mbili kabla halijafika Makoko, mtaa mwingine wa mji. Watu waliokuwa wamekata bima kwake hawakuhuisha. Akaacha kwaya. Siku moja nilimkuta stendi ana begi na godoro lililokunjwa, anahama. Tulitazamana. Akasema, "Dada, kwema?" Nikasema kwema. Akapanda gari.

Shangazi alirudi Butiama kwenye shamba la baba yao, akalima mihogo na kufuga kuku. Mimi nilipata ukarani kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Musoma, nikabaki mjini. Nilikuwa nakwenda kwake kila mwezi. Nikifika naingia jikoni moja kwa moja, nafunua sufuria kuona kuna nini, naye ananigombeza. Niliolewa katika miaka hiyo, na gauni la kukodi kutoka Mwanza. Alilikagua mshono kwa ndani, akasema ni kazi nzuri, akatoka nje.

Mwaka jana nilikwenda kama kawaida. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya mihogo, redio iko dirishani. Likapita tangazo la bima. Shangazi hakuinua kichwa. Alisema tu, kwa sauti ya chini, bila hasira hata, "Mungu amwone yule kijana." Naamini alikuwa amelisema hilo mara nyingi nikiwa sipo. Kisu kikanigandia mkononi. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, Jumamosi ile, orodha niliyoona uvivu kuiandika, swali la tisa. Aliendelea kumenya.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Akasema atakaa tuandike wote."

"Na ile barua ya Mwanza. Hilo lilikuwa limeandikwa?"

"Limeandikwa, shangazi. Sikukusomea."

Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akauweka kwenye beseni la maji, akachukua mwingine.

"Nguo zingeungua tu," alisema. "Fomu haikuwasha pasi." Nilianza kulia, nikidhani amenisamehe. Akaniacha nilie kidogo. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile tungelia wote. Mimi nililia peke yangu. Na nikamchukia mtu wa watu bure."

Akauliza kama nina namba ya yule kijana. Sikuwa nayo. Niliitafuta kwa watu wa kwaya pale pale, kwa simu, yeye akisubiri. Wakaniambia yuko Kahama, ana duka la vocha na soda. Alipopokea nilimpa shangazi simu. Hakuzunguka. Alisema, "Mwanangu, mimi ni yule mama wa nguo za harusi, wa Nyasho. Nilikusema vibaya kwa watu na haikuwa kweli. Nimejua leo. Nisamehe." Kisha akasikiliza muda mrefu, anaitikia, mmh, mmh. Aliponirudishia simu ilikuwa imeshakatwa.

Niliuliza kasema nini.

"Amesema alikuwa na nakala ya ile fomu siku zote. Alikujaga jioni moja kunionyesha. Akatukuta mlangoni tunakula sahani moja, akarudi zake."

Akainuka na beseni. Tulipika mihogo, tukala.

Bado naenda kila mwezi. Hajawahi kunifukuza, hajawahi kunisimanga, na ndugu hakuna anayejua, maana hakumwambia mtu. Lakini nikifika sasa ananitolea kiti. Anakifuta kwa kanga, anakiweka kivulini, ananikaribisha, anakwenda jikoni peke yake na kurudi na chai kwenye kikombe kizuri cha wageni. Anauliza habari za Musoma, za mume wangu, za kazi. Anajibu nikimuuliza. Mara ya kwanza niliinuka kumfuata jikoni, akasema, "Kaa tu, utachafuka." Sikuinuka tena.

Mwezi uliopita aliniuliza gari langu linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi. Akaangalia jua, akaingia ndani, akatoka na viazi vitamu kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani. Tulisimama pale mpaka gari lilipotokea. Akanishika mkono, akasema niwasalimie wa huko, na akaondoka kabla sijapanda.